Klinyota ya Land Rover yetu: kwa nini tulichagua ile inayolalamika

Maneno ya kikundi cha garaje mbele ya mkutano wa wanamemba, Muheto



Komite imetuomba tueleze mambo mawili. La kwanza, kwa nini gari ya chama haikutoka jioni kwa muda wa wiki tano, wakati kila mtu anajua kazi yake kubwa ni kubeba wagonjwa saa ambazo pikipiki zinaogopa. La pili, kwa nini tuliandikia wafadhili tukawaambia: asante sana kwa taa za kisasa mnazotaka kutuma, lakini tunaomba mtume kitu kingine. Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja, na mzizi wenyewe ni kakopo ka bati kanakoingia kwenye kiganja cha mtoto. Ni kale kanakofanya taa za pembeni ziwake na kuzimika, tik-tak, tik-tak, gari ikitaka kukata kona.

Tunajua kuna wanaosema huku nyuma: klinyota ni kitu ya mjini. Tumewasikia, na hatukasiriki. Mzee mmoja alituuliza wazi wazi, Muheto hakuna rondpoint, hakuna taa nyekundu, sasa mtamwonyesha nani kwamba mnageuka, ng'ombe? Watu walicheka sana siku hiyo, na sisi tulicheka.

Basi mzee, jibu letu ni hili. Tutamwonyesha mtu wa chukudu.

Hapa hatuhitaji kueleza chukudu, ila kwa wafadhili wetu: ni ile baiskeli ya mbao yenye magurudumu mawili ya mbao, bila pedali, inayobeba viazi, makala, mbao na mihogo. Ni heshima ya Kivu ya Kaskazini, hata Goma wameisimamishia sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu. Ikipanda mlima inasukumwa. Ikishuka, mwenyewe anapanda juu yake, na breki yake ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Sasa fikirini chukudu yenye magunia ya viazi inashuka nyuma ya Land Rover. Shofere wetu anapunguza mwendo, anataka kukata kushoto kuingia kwenye depo. Yule kijana wa chukudu hawezi kusimama kwa metre kumi. Anachoweza ni kuchagua upande wa kupita. Kama hajui tunageuka wapi, atachagua upande wa kushoto, juu ndiko kwenye nafasi, na ndiko sisi tunaenda.

Na wamotari ni vile vile. Katika nchi yetu tunaendesha kuume, kwa hiyo anayekupita anakupita kushoto. Kukata kushoto ndiyo kazi ya hatari zaidi kuliko zote: unavuka njia ya anayekuja mbele yako na unamfungia njia anayetaka kukupita nyuma. Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile tunaita kodi ya barabara, haisemi kwamba Masisi imesamehewa. Lakini hatukusimamisha gari juu ya sheria. Tuliisimamisha juu ya ukungu. Ninyi mnajua ukungu wa milima hii saa kumi na mbili jioni, unaona kwato za ng'ombe lakini humwoni ng'ombe. Mkono wa shofere uliotolewa dirishani hauonekani, na ukikata kuume mkono huo unaonyesha upande usiokuwa wako.

Wazee wanakumbuka Volkswagen za zamani zilizokuwa na kijimkono kinachochomoka ubavuni kama sikio la mbuzi. Hata watu wa zamani hizo waliona kwamba mkono wa mtu hautoshi.

Kwa hiyo komite ilikata neno: mpaka klinyota zifanye kazi, gari isitoke baada ya saa kumi na moja. Neno hilo lilikuwa zito. Katika wiki hizo tano wamama wawili wenye uchungu walibebwa kwa tipoyi usiku, na mmoja alizalia njiani, chini ya ukingo wa shamba, wamama wenzake wakimzunguka kwa vitenge. Mama na mtoto wako hapa leo, wamekaa upande ule wa dirisha. Tunawataja kwa furaha, na pia ili mtu asifikiri tulikuwa tunacheza na waya.

Sasa gari yenyewe. Ni Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985, injini ya mazutu, usukani kushoto. Ilibaki chini ya mabati miaka ambayo wenye nyumba walikuwa wamekimbia, sawa na wengi wetu. Injini haikusumbua sana. Injini ya namna ile ukiipa mazutu safi, oili na batri nzuri, inakubali. Kilichokufa ni umeme. Panya walikula waya, maji yaliingia kwenye taa, na katikati ya hapo kila aliyepita aliongeza waya wake bila kuuliza mwenzake. Tulikuta waya mwekundu unaotoka kwenye batri, unazunguka chini ya kiti, na unaishia hewani. Mpaka leo hatujui ulikuwa wa nini.

Tulikuwa na shida nyingine ya kuchekesha, shida ya lugha. Katika kikundi chetu kuna waliojifunza ufundi katika kambi ya Nakivale, Uganda, kuna waliojifunza Goma, na kuna aliyeshika bisibisi kwa mara ya kwanza hapa Muheto. Wa Uganda wanasema indiketa na flasha, na wamezoea gari zenye usukani kuume. Wa Goma wanasema klinyota, na kale kakopo wanaita santrali. Siku ya kwanza mmoja alimwambia mwenzake alete flasha, naye akaleta tochi. Tulikubaliana hivi: taa za pembeni ni klinyota, kakopo ni santrali, na anayekwenda kununua aende na ile iliyokufa mfukoni. Kitu cha mkononi hakina lugha.

Santrali inafanyaje kazi? Tueleze polepole, kwa sababu bila kuelewa hapa huwezi kuelewa kwa nini tuliandikia wafadhili.

Umeme unatoka kwenye batri, unapita kwenye kontakti na fizibo, unaingia kwenye santrali kwa mguu wenye herufi B. Unatoka kwa mguu wenye herufi L, unakwenda kwenye swichi ya usukani, na swichi ndiyo inayochagua kushoto au kuume. Ndani ya santrali ya zamani hakuna saa, hakuna akili. Kuna ukanda mwembamba wa metali. Umeme wa taa ukipita, ukanda unapata joto. Ukipata joto unajinyoosha, unakata umeme wenyewe, taa zinazimika. Taa zikizimika ukanda unapoa, unarudi mahali pake, umeme unapita tena. Ile tik-tak mnayosikia ni ukanda ukiruka. Basi, ni hayo tu.

Shikeni neno moja: ukanda unapashwa joto na umeme wa taa zenyewe. Upande mmoja wa gari yetu una ampule mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja ya wati 21. Pamoja ni wati 42. Kwa umeme wa volti 12 hiyo ni kama ampea tatu na nusu, na santrali imetengenezwa kwa joto la ampea tatu na nusu. Ampule moja ikiungua, umeme unabaki nusu. Ukanda haupati joto la kutosha. Ampule iliyobaki inawaka tu bila kuzimika, au inazimika pole pole kama mtu mwenye usingizi, na kataa kadogo kwenye tablo nako kanabaki kimewaka. Shofere anaona mara moja: kuna kitu. Hata kama hajui fundi wala ufundi, anajua leo upande huu ni mgonjwa.

Ndiyo maana tunaiita inayolalamika.

Sasa tulivyotafuta ugonjwa. Wengi wakiona klinyota hazichezi wanakimbilia kununua santrali. Mara nyingine wana haki. Lakini tuliona afadhali kufuata njia ya umeme tangu mwanzo, kama mtu anayefuata mfereji wa maji kutafuta ulipobomoka. Chombo chetu kilikuwa kimoja: ampule ya zamani iliyofungwa waya mbili, moja inashikwa kwenye chuma cha gari, nyingine inagusishwa unapotaka kujua kama umeme umefika. Pale penye umeme, ampule inawaka. Hakuna haja ya mashine.

Kwanza fizibo. Haikuwa imeungua, lakini vichwa vyake vilikuwa na ule unga wa kijani, na umeme haukupita. Tulisugua kwa msasa mwembamba, vifuta-kioo vikaamka, sindano ya mazutu kwenye tablo ikasimama. Klinyota, kimya. Hapa tuseme jambo: kuna aliyependekeza kuzungushia fizibo karatasi ya sigara, kwa usalama zaidi eti. Fizibo ni ile inayokubali kufa ili nyaya zisiungue. Ukiifunga karatasi ya sigara, siku ya matata itakayoungua ni gari na walio ndani.

Pili, tulitafuta kama umeme unafika kwenye mguu wa B wa santrali. Nyuma ya tablo kuna nyaya za rangi, na Waingereza wana utaratibu wao, mwenye gari ya namna hii auandike. Kijani kitupu ni umeme unaotoka kwenye fizibo. Kijani hafifu chenye mstari wa kahawia kinatoka kwenye santrali kwenda kwenye swichi. Kijani chenye mstari mwekundu ni klinyota za kushoto, kijani chenye mstari mweupe ni za kuume. Nyeusi ni masi, ule waya unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari. Kwetu, kijani kilikuwa na umeme, ampule yetu iliwaka. Upande wa pili wa santrali, hakuna kitu.

Tatu, jaribio ambalo tunataka kila kijana hapa alijue. Ondoa santrali. Zile waya mbili zilizokuwa kwenye B na L, ziunganishe kwa kipande kifupi cha waya. Fungua kontakti, sukuma swichi upande mmoja. Taa za upande huo zikiwaka bila kucheza, santrali ndiyo imekufa, nyaya ni nzima. Zisipowaka, usinunue kitu kwanza, ugonjwa uko mbele zaidi.

Tulisukuma kuume: ya mbele ikawaka, ya nyuma ikawaka, nyekundu ya machungwa kabisa, watoto wakapiga makofi. Tulisukuma kushoto: ya mbele ikawaka kidogo tu, rangi ya kutu. Ya nyuma ikawaka dhaifu, na pamoja nayo ikawaka taa nyekundu ya usiku ambayo hakuna aliyeigusa.

Kwa hiyo tulikuwa na wagonjwa wawili. Santrali ilikuwa imekufa, hiyo ni hakika. Lakini kama tungeweka mpya na kufunga tablo, kuume kungecheza na kushoto kungekwama, na mtu angesema tumeuziwa santrali mbovu.

Taa ambayo inawasha jirani yake ni alama ya masi mbaya. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye chuma, unatafuta njia nyingine, unapita kwenye nyuzi za ampule ya jirani, na zote mbili zinawaka nusu nusu. Mwili wa Land Rover ni aluminiamu, na skrubu zake nyingi ni chuma. Aluminiamu na chuma vikikaa pamoja kwenye maji na matope vinakulana, na kati yao kunazaliwa unga mweupe usiopitisha umeme. Tulichukua waya mrefu kutoka mguu wa kutoa wa batri, tukaugusisha kwenye bati la taa ya nyuma kushoto. Papo hapo ikawaka vizuri na nyekundu ikazimika. Tulifungua skrubu, tukasugua mpaka metali ikang'aa, tukaweka kichwa kipya cha waya, tukapaka grisi juu, tukakaza. Saa moja ya kazi, gharama yake msasa.

Ile ya mbele kushoto ilikuwa na ugonjwa mwingine. Ampule ilikuwa nzima, lakini si ya wati 21, ilikuwa ya wati 5. Mtu fulani wa zamani alichukua alichokuwa nacho. Inawaka, kwa hiyo akafunga kioo akaenda. Lakini 21 na 5 ni 26, si 42, na tumeeleza kwamba ukanda unakula joto. Kwa santrali ya namna hii ampule ndogo ni sawa na ampule nusu iliyoungua.

Kununua santrali kulichukua muda kuliko kutengeneza. Tulituma mtu Birere, Goma. Soko la vipande huko limejaa vitu vya kamio, na kamio kubwa zinatumia volti 24. Mara ya kwanza muuzaji mmoja alimpa mtu wetu kakopo kazuri, kanang'aa, miguu miwili, kanaingia kabisa. Kwa bahati alikuwa ameandikiwa kwenye karatasi asome kilichochapwa juu ya bati: 12V, na 42W au 2×21W. Kile kilikuwa cha 24V. Alikirudisha mezani, wakabishana kidogo, na baadaye alipata chenyewe kwa dola 6. Alilala Sake usiku huo juu ya mvua, akafika siku ya pili. Dola 6, wanamemba. Pesa ya usafiri ilipita bei ya kitu.

Miguu mingine mtakayoikuta: za Kijapani zinaandikwa B, L na E, E ikiwa masi. Za Ulaya zinaandikwa namba, 49 ni pa kuingia, 49a pa kutoka, 31 masi. Zile za Kiingereza zenye miguu mitatu zina P, ni ya kataa ka tablo. Usibahatishe kwa kutazama umbo.

Sasa tufike kwenye habari ya wafadhili.

Walituandikia kwa moyo mzuri. Walisema watatuma seti nzima ya taa za LED pamoja na santrali ya elektroniki, za kisasa, zinakula umeme kidogo, zinadumu miaka. Kijana wetu mmoja, fundi wa pikipiki, alikuwa na santrali moja ya namna hiyo, nyeusi, ya plastiki, waya tatu. Alitusihi sana tuikubali. Tuseme ukweli, ana hoja. Batri ikiwa dhaifu, santrali ya joto inachelewa, ya elektroniki haijali. Ukifunga rimorki yenye taa yake, ya joto inaharakisha, ya elektroniki haijali. Taa za LED zinakula umeme kidogo mno kiasi kwamba ukanda wa zamani haupati joto hata kidogo, kwa hiyo ukitaka LED, ni lazima ya elektroniki au uongeze rezistansi ya kula umeme bure, na hiyo inapata moto kama pasi.

Tulifanya jaribio mbele ya komite, chini ya mti, mchana. Tulifunga ya elektroniki. Ikacheza vizuri, tik-tak safi kabisa. Halafu tulitoa ampule ya nyuma kushoto. Ikaendelea, tik-tak, tik-tak. Tulitoa na ya mbele. Hakuna hata taa moja kushoto, na ndani ya gari bado tik-tak, na kataa ka tablo kanacheza kwa furaha. Mama mmoja wa komite alisema, hii ni kama mtu anayeitika ndiyo ndiyo na hajasikia. Kuna za elektroniki zilizotengenezwa kuhesabu taa, hizo ampule ikifa zinacheza haraka mara mbili. Ile ya kijana haikuwa ya namna hiyo, na ile iliyoandikwa kwenye barua ya wafadhili pia haikuwa.

Halafu tulirudisha ya dola 6, tukatoa ampule moja. Ikakwama palepale. Taa imewaka, haichezi.

Gari yetu ina mashofere wanne wanaopokezana. Hakuna mmoja wao anayeizunguka kila asubuhi akitazama taa zote, tusidanganyane. Anaitwa saa nane ya usiku, mgonjwa analia, anapanda, anaondoka. Ampule ya nyuma iliungua jana kwenye mashimo. Nani atamwambia? Shofere mwenye gari yake mwenyewe anaweza kuchagua anachopenda. Sisi, kwa gari ya watu wengi, tulichagua kitu kinachokataa kufanya kazi mpaka utengeneze. Kijana wetu hakushinda kura, lakini hakuondoka na mikono mitupu.

Maana kuna mahali pake. Gari ikifia kwenye kona, tunataka klinyota zote nne zicheze pamoja, varningi, ili kamio inayokuja ituone. Nne ni wati 84, kama ampea saba. Santrali ya wati 42 ukiipa mzigo huo itapata joto haraka mno na haitadumu. Hapo ya elektroniki ya kijana inafaa kabisa, imeandikwa kubeba mzigo huo, na kwenye gari iliyosimama kasoro yake si kubwa, mtu anashuka anatazama kwa macho. Aliifunga yeye mwenyewe, ikachukua umeme kwenye batri bila kupita kontakti, na fizibo yake peke yake, na swichi inayounganisha pande mbili wakati imebonyezwa tu. Kazi nzuri. Tulimwomba achore mchoro wake, umebandikwa ndani ya mlango wa depo.

Kwa wafadhili: hatukukataa zawadi, tunaomba ibadilishwe. Ampule za wati 21 za volti 12, za mguu mmoja, ishirini. Ampule za nyuzi mbili, 21/5, kumi. Fizibo za aina ya gari hii. Santrali mbili za joto, 12V 42W, za akiba. Vichwa vya waya na koleo la kuvibana. Na mita moja ya kupimia volti, hata ya bei ya chini, kwa sababu vijana saba wanajifunza kwa ampule moja ya zamani na wanagombania zamu. Vyote pamoja vinaingia kwenye katoni ndogo, na bei yake iko chini sana ya ile seti. Pesa itakayobaki, komite imeomba iende kwenye matairi, hilo watalieleza wenyewe.

Kwa mashofere: tangu jioni ya leo gari inatoka saa yoyote. Klinyota ikikwama upande mmoja, umerudi, unaandika kwenye kaye, na unaleta ufunguo kwetu kabla ya kwenda kulala. Ampule za akiba ziko kwenye mkebe wa maziwa chini ya kiti, mbili mbili, na bisibisi iko pamoja nazo. Ukiitumia, rudisha. Ukiulizwa unapogeuka kwa nini unawasha klinyota mapema hivyo, jibu ni chukudu.

Kuna aliyeuliza kama inaruhusiwa kucheza pole pole kiasi kile tulichoonyesha wiki iliyopita. Kipimo kinachofuatwa duniani ni kati ya mara 60 na mara 120 kwa dakika. Batri ilikuwa imechoka siku ile, tangu juzi imejazwa. Gari iko nje, chini ya muavokado, kontakti iko wazi. Wenye saa waje wasimame nyuma yake, tuhesabu pamoja, kushoto kwanza.